Mama Hataki Kusoma Tena

Kila jioni Pilipili alipotoka shuleni alifanya kazi zilezile. Alivua sare, akachota maji, akawaogesha wadogo zake mapacha, kisha akabandika sufuria jikoni. Wenzake walimwita Pilipili kwa sababu hakukawia kuwaka, naye alilipenda jina hilo, maana lilimpa ruhusa ya kutojizuia. Mama yake alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye kioo kirefu na viti vya plastiki, na wateja walisikia kila kifuniko kilichobamizwa jikoni.

Siku hizo vifuniko vilibamizwa kwelikweli. Mama alikuwa amerudia mitihani ya sekondari akiwa mtu mzima, amefaulu, na sasa alitaka shahada ya uandishi wa habari.

"Si afadhali ufungue saluni nyingine?" Pilipili alimwambia. "Wenzangu wananicheka. Wananiuliza kama utavaa sare na kubeba begi mgongoni."

"Waambie begi ninalo, sare bado naitafuta," Mama alijibu huku akisuka. Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka kichwa kikamtoka Mama mikononi. Pilipili hakucheka. Alirudi jikoni akiwa amevimba.

Vyuo viwili vilikuwa tayari kumfikiria. Cha kwanza kilijulikana na kila mtu. Mabango yake yalijaa katika vituo vya mabasi, yakiwa na picha ya msichana anayetabasamu nyuma ya kamera kubwa. Pilipili alikitaka hicho. Kama Mama lazima asome, basi asome mahali pa kujivunia. Jumamosi moja walikwenda wote wawili kukiona.

Dada wa mapokezi alimtazama Mama, kisha akamtazama Pilipili. "Karibu, mama. Umemleta binti aulizie nafasi? Mbona bado mdogo?"

"Anayeulizia ni mimi," Mama alisema.

Yule dada aliubana mdomo ili asicheke, lakini macho yalimsaliti. "Masomo yetu ni ya mchana tu, mama. Na wanafunzi wetu ni vijana."

Mama alishukuru, akatoka. Hakwenda nyumbani. Aliketi kwenye ukuta mfupi nje ya lango, akawa anamsimamisha kila mwanafunzi aliyetoka. Umeandika nini wiki hii? Nani amekisoma? Kamera umewahi kuishika? Pilipili alitamani ardhi impasukie. Kijana mmoja akajibu, "Ile kamera ya kwenye mabango? Imefungiwa kabatini, mama. Tunaiona siku ya wageni."

"Wanauza picha!" Mama alifoka njia nzima. "Watu wazima na akili zao, wanauza picha!"

Chuo cha pili kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilinuka rangi na saruji. Masomo yalikuwa jioni na Jumamosi. Darasani walikuwamo muuguzi, dereva wa lori na mwanajeshi mstaafu, na wote walikuwa wakibishana kwa sauti juu ya gazeti wanalolitoa kila wiki. Mama aliwauliza maswali yaleyale. Mwanajeshi alilalamika kwamba habari yake ilikuwa imerudishwa tena, kisa hakumhoji mtu mmoja aliyetajwa ndani yake.

"Wanatutesa hapa, dada yangu," alisema, na uso wake ukawa wa furaha tupu.

"Nimepata chuo," Mama alimnong'oneza Pilipili.

Mama aliacha jina na namba yake ya simu, ukabaki usaili tu. Idara ingempigia simu kumwambia siku. Njiani Pilipili aliuliza, "Na jioni nani atabaki na mapacha?"

"Wewe, mwanangu. Nani mwingine?"

Mama alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Hakuuliza. Pilipili alitembea nyuma yake akiyapiga mawe mateke. Kwa hiyo jioni zake zote zilikuwa zimegawiwa, na yeye mwenyewe hakushirikishwa!

Simu ililia akiwa jikoni peke yake. Mama alikuwa saluni, mashine ya kukaushia nywele inanguruma, na simu yake ilikuwa kwenye rafu ya vyombo.

"Hapa ni idara ya uandishi wa habari," alisema mwanamume. "Naomba kuongea na mwenye simu kuhusu usaili wake."

"Mimi ni mtoto wake," Pilipili alijibu. Kisha maneno yakatoka mbiombio. "Mama hataki kusoma tena. Amebadili mawazo."

"Oh. Haya, asante." Simu ikakatwa. Pilipili akaifuta namba ile, akarudi kwenye sufuria yake. Alijiambia kwamba Mama amejitakia.

Mama akangoja. Alisuka simu ikiwa mapajani. Kila ilipolia aliinyakua, akakuta ni mteja. Utani wake ukapungua, kisha ukaisha. Siku moja mteja alimuuliza habari za chuo, na Pilipili aliyasikia majibu kutoka jikoni.

"Nilijidanganya tu," Mama alisema. "Wameona sifai. Mtu mzima kama mimi, nilikuwa natafuta nini?"

Pilipili alijikuta amekasirika tena, lakini safari hii hasira haikuwa na wa kumwendea ila yeye mwenyewe. Alitoka jikoni, akasimama katikati ya saluni.

"Walipiga simu," alisema. "Niliwaambia hutaki."

Mama aliweka kitana chini taratibu. "Uliwaambia nini?"

"Kwamba hutaki kusoma tena."

"Umenisemea mimi?" Sauti ya Mama ilipanda hadi mapacha wakaacha kucheza. "Mimi nimekaa hapa najiona mjinga, najiona mzee, kumbe ni wewe? Umeninyang'anya kinywa changu ukakitumia kunizika!"

"Na wewe uliniuliza?" Pilipili naye akapasuka, machozi yakimtiririka. "Uligawa jioni zangu zote! Hukuniuliza hata mara moja!"

Mteja aliinamisha kichwa chake kilichosukwa nusu, akajifanya hayupo. Mama alihema kwa nguvu.

"Vaa viatu," alisema mwishowe. Akamwomba mteja radhi na kumwachia mapacha, wakaondoka.

Chuoni walimkuta mkuu wa idara, mwanamke wa makamo, miwani imepandishwa kichwani. Aliposikia ni nani amekuja, alishangaa. "Sisi tuliambiwa umeghairi. Usaili ulikwisha jana."

Mama alimtazama bintiye. Pilipili akasogea mezani. "Shikamoo. Aliyesema ni mimi. Nilisema uongo kwa hasira, maana Mama alinipa kazi ya kubaki na mapacha jioni bila kuniuliza."

Mkuu wa idara aliitikia salamu, kisha akamwita katibu wake. "Nani alikuambia mama huyu hataki?"

"Mtoto wake, kwenye simu."

"Uliongea na mwenyewe?"

"Hapana."

"Ulimpigia tena?"

Katibu alitazama sakafu. Mkuu wa idara akapiga meza kwa kiganja. "Kila wiki tunawarudishia wanafunzi kazi zao kwa sababu hawakumuuliza mhusika. Na sisi, walimu wa habari, tumemfuta mtu kwa neno la mtoto! Aibu gani hii?" Akamgeukia Mama, bado amewaka. "Kaa. Usaili wako ni sasa hivi. Kwa nini umetuchagua sisi?"

"Kwa sababu sikuyauliza mabango," Mama alisema. "Niliwauliza wanafunzi. Wenu walikuwa wanalalamika juu ya kazi waliyoifanya."

Maswali yaliendelea, magumu, na Mama aliyajibu moja baada ya jingine. Mwishowe mkuu wa idara aliishusha miwani yake machoni. "Masomo yanaanza Jumatatu. Usichelewe." Kisha akamwita Pilipili karibu.

"Sikukatazi kukasirika," alisema. "Ulikuwa na jambo la kweli: umebebeshwa kazi bila kuulizwa. Ungelisema kwa jina lako, lingesikika. Wewe ukaliacha la kweli, ukasema la uongo kwa jina la mama yako. Karibu limpotezee nafasi aliyoitafuta kwa miaka. Ukiwa na hasira, sema la kwako, na ulisemee mbele ya mhusika."

"Nimekuelewa, mwalimu," Pilipili alisema. "Mama, nisamehe."

"Na wewe, mwandishi," mkuu wa idara alimgeukia Mama, "habari ya nyumbani kwako uliichukua upande mmoja."

"Ni kweli," Mama alisema. Walishuka ngazi, wakapita duka la vifaa vya ujenzi, wakafika barabarani.

"Bado nina hasira na wewe," Mama alisema.

"Najua. Mimi pia ninayo kidogo."

"Haya. Kuhusu jioni zako, nakuuliza sasa. Unasemaje?"

Pilipili alianza kusema, na alisema mpaka kituo cha basi. Mama hakumkatiza.