Hesabu ya Hamsini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nanzala alimhesabia baba yake. Mzee Wasike alikuwa fundi wa nguo mtaani Langas, Eldoret, na hakuweza kuamka na kusimama papo hapo kama watu wengine. Kwanza aliketi ukingoni mwa kitanda huku binti yake akihesabu moja hadi hamsini. Akiharakisha tu, macho huingia giza, na mzee wa watu huanguka chini pu!

"Umefika ngapi, mama?"

"Thelathini na mbili. Tulia, baba."

Mzee Wasike alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka kumi na minne, na ugonjwa ulikuwa umeharibu mishipa yake ya fahamu. Mke wake alikuwa Bungoma akilima shamba, kwa hivyo Nanzala ndiye aliyejua yote haya. Majirani wangejuaje? Wao walimwona mtu akiinuka kwenye cherehani, akiyumba na kushika nguzo. Wakasema ni pombe ya busaa. Alipotapika chakula cha jana, wakasema ni chang'aa. Hata kanisani alipoanguka watu wakisimama kuomba, mama mmoja aliziba pua kwa leso. Kuziba pua kwa nini, jamani, na hakuna aliyesikia harufu ya pombe?

Siku moja Virginia, rafiki yake wa darasa la sita, alimuuliza, "Eti yule mlevi wa cherehani ni baba yako?"

Uso wa Nanzala uliwaka kwa aibu. "Nani? Yule ni mpangaji wetu tu."

Uongo ule ulimfunga. Hakuweza tena kumkaribisha mtu nyumbani, wala kupita karibu na cherehani akiwa na wenzake. Siku za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, wenzake walikunywa pakiti zao uwanjani wakicheka, naye alikunywa yake nyuma ya darasa, peke yake. Upweke ulimuuma sana. Barua ya siku ya wazazi ilipotolewa, aliificha ndani ya kitabu cha hesabu.

Lakini mtaa hauna siri. Siku ilipofika, Nanzala alimwona baba akiingia langoni na koti lake la Jumapili, akaketi kwenye benchi la nyuma. Msichana akageuza uso kama asiyemjua.

Kisha filimbi ikalia, bendera ikaanza kupanda, wimbo wa taifa ukaanza. Enzi zile, nani angethubutu kubaki ameketi? Wazazi wote walisimama mara moja. Mzee Wasike naye akasimama mbio, bila kuhesabu. Pu!

"Amelewa! Leo siku ya wazazi!" mtu akafoka. Wanaume wawili walimshika kwapani wakamsimamisha wamtoe nje. Akalegea, akaanguka. Wakamvuta tena. Midomo yake ikawa ya kijivu. Nanzala alijua kwamba wakiendelea kumsimamisha, damu haitafika kichwani. Kati ya watu wote wale, yeye peke yake ndiye aliyejua, na Virginia alikuwa amesimama ubavuni pake.

"Msimwinue!" alipiga kelele katikati ya wimbo. "Mlazeni! Hajalewa, ana sukari! Huyo ni baba yangu!"

Alikimbia, akawasukuma wale wanaume, akamlaza baba chali na kuweka miguu yake juu ya benchi. Mama Musimbi, mzazi aliyekuwa muuguzi, akaja mbio. Alipiga magoti, akashika mkono wa mgonjwa na kunusa pumzi yake.

"Hakuna pombe hapa hata tone," alisema. "Fanyeni vile msichana anasema."

Polepole rangi ikarudi usoni mwa mzee. Akafungua macho.

"Baba, nisamehe," Nanzala alilia. "Nilificha barua. Tena nilimwambia Virginia wewe ni mpangaji."

"Mpangaji anayekushonea sare? Huyo ni mpangaji mzuri." Mzee Wasike akatabasamu, kisha akasema, "Lakini imeniuma, mama."

Mama Musimbi aliwatazama watu waliozunguka. "Sukari ikikaa mwilini miaka mingi, inaweza kuharibu mishipa inayosaidia damu kupanda kichwani tukisimama. Sisi wazazi tumemhukumu mtu kabla ya kumuuliza. Tumekosa." Akamgeukia Nanzala. "Nawe mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Leo kilio kilikuwa karibu sana. Kuugua si aibu, na ukweli wako ndio umemwokoa baba."

Wakamketisha benchini.

"Nihesabie, mama," akamwambia binti yake.

"Moja, mbili, tatu..."

Virginia alisogea, macho chini, akaketi vumbini karibu nao. "Mnahesabu mpaka ngapi?"

"Hamsini."

Kuanzia ishirini na moja, sauti zikawa mbili. Walipofika hamsini, Mzee Wasike alisimama polepole, mkono mmoja begani mwa Nanzala, mwingine begani mwa Virginia.