Diski Iliyokaa Imechomekwa

Nduku hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata Jumamosi, siku ambayo haendi kiwandani Thika, alikuwa ameshafua na kupiga deki kabla chai haijachemka. Kisha alinyoosha vitambaa vyake. Na vitambaa alikuwa navyo huyo mama! Kwenye kochi kitambaa, kwenye redio kitambaa, kwenye meza kitambaa. Kompyuta nayo ilikuwa na chake, cha rangi ya waridi, alichokifuma mwenyewe. Kilifunika kompyuta pamoja na diski ndogo ya kuhifadhia kopi, iliyochomekwa pembeni.

Jumamosi moja, pale kwake Ruiru, stima ilipotea. Ikarudi. Ikapotea tena. Iliporudi mara ya pili, taa iliwaka kwa mwanga mkali kupita kawaida. Chini ya kitambaa kitu kikalia pa! Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni.

Nduku alibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta. Hakuna kitu. Akabonyeza tena na tena.

"Sauti za babu yako ziko humu," alimwambia binti yake, Mumbi.

Baba yake Nduku, Mzee Nzuki, aliishi Gatuanyaga na mwanawe Muthoka. Kwa miaka miwili, kila Nduku alipoenda kumsalimia, alimrekodi kwa simu akisimulia mambo ya zamani. Ukame wa utotoni mwake. Visima alivyochimba kwa mikono. Siku aliyoenda kumposa mama yao. Kisha mzee akapata kiharusi, na tangu hapo hakuweza tena kutamka neno. Rekodi zilikuwa kumi na tisa. Simu ilipojaa, Nduku alizihamishia kwenye kompyuta, halafu akazifuta zote kwenye simu.

"Lakini si uliweka kopi kwa diski?" Mumbi aliuliza.

"Niliweka."

"Basi tulia, mama."

Nduku atulie wapi? Alibeba kompyuta na diski, akaenda Thika kwa Calvince, fundi wa kompyuta. Calvince alikuwa jirani yao, na jioni angerudi Ruiru kulala. Lakini Nduku hangeweza kungoja jioni.

Calvince alijaribu diski kwanza. Akabadilisha waya. Akaijaribu kwenye kompyuta nyingine. Halafu akainua macho.

"Mama Mumbi, hii diski ilikuwa imechomekwa stima ikirudi?"

"Ilikuwa. Hukaa hapo tu. Sijawahi kuichomoa tangu niinunue."

"Mbona?"

"Niliogopa kuiharibu. Na hapo chini ya kitambaa haipati vumbi."

Calvince alikuna kichwa. "Vumbi haikupata, lakini stima imepata. Iliingia kwa kompyuta, ikapitia kwa waya mpaka kwa diski. Zote mbili zimeungua."

Nduku aliketi. "Baba yangu haongei tena, Calvince. Siwezi kumrekodi upya."

"Nimeelewa. Ndani ya kompyuta kuna diski nyingine. Hiyo wakati mwingine hupona. Niachie mpaka Jumanne, lakini siwezi kukuahidi."

Siku hizo tatu hazikwisha. Jumatatu kiwandani, Nduku alibandika lebo juu chini kwenye chupa zote za katoni moja, akalazimika kuzibandua. Alimpigia Calvince asubuhi. Akampigia saa nne. Akampigia saa saba.

"Mama Mumbi," Calvince alisema, "ukinipigia hivi, kazi nitaifanya saa ngapi?"

Jumanne alipotoka kazini alikwenda dukani kwa Calvince karibu mbio.

"Nimepata kumi na sita," Calvince alisema. "Tatu zimekataa kabisa."

Nduku alisoma majina ya zilizopona, moja baada ya nyingine. Ukame ulikuwepo. Visima vilikuwepo. Ile ya kumposa mama haikuwepo. Alilia pale pale dukani, mbele ya wateja, wala hakujificha.

Calvince alimpa kiti na kungoja. Kisha akasema, "Sasa hizi kumi na sita tuzilinde vizuri. Usiziweke mahali pamoja."

"Niambie polepole. Nitaandika."

"Ya kwanza ikae kwa kompyuta yako, nikishaibadilishia sehemu zilizoungua. Ya pili iwe kwa diski. Kila wiki ichomeke, nakili, ichomoe, uifungie kabatini. Ikishachomolewa, stima haiifikii. Virusi pia haviifikii."

"Na mwizi akiingia, abebe kompyuta na diski?"

"Ndiyo maana kuna ya tatu. Hiyo ikae mbali na nyumba. Unaweza kuihifadhi mtandaoni, kwa nywila ambayo mtu hawezi kuikisia. Au mpe ndugu anayekaa mbali, kwa flashi."

"Nitafanya yote mawili."

"Na usiamini kopi ambayo hujaifungua. Ifungue kwa mashine nyingine, usikilize. Pia usifute chochote kwa simu kabla ya kuhakikisha kopi mbili zinafunguka."

Nduku aliandika hilo la mwisho, akalipigia mstari mara mbili.

Wiki iliyofuata alichukua kompyuta yake ikiwa imetengenezwa, akanunua na diski mpya. Ijumaa aliichomeka, akanakili, akaichomoa, akaifungia kabatini. Mumbi alimsaidia kuweka kopi mtandaoni. Jumapili Nduku alipeleka flashi Gatuanyaga.

Muthoka alikuwa na kompyuta ndogo ya kazi. Aliiweka mezani uani, baba yao akiwa ameketi karibu.

"Tujaribu kama inafunguka," Nduku alisema. Akachomeka flashi, akabonyeza.

Sauti ikatoka, nzito na yenye mzaha, ikisimulia kisima cha tatu kilichokataa kutoa maji. Mzee Nzuki aligeuza kichwa taratibu. Alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo. Machozi yakamtiririka, huku upande mmoja wa uso wake ukicheka.

Simulizi ilipokwisha, Nduku alinyoosha mkono kufunga kompyuta. Mzee aliushika mkono huo kwa vidole vyake vyenye nguvu, akaurudisha kwenye kitufe cha kuanzishia sauti.

Nduku akaanza upya.