Alinipa Rathcullen

Mara ya tatu Daksha alinirudishia karatasi zangu bila hata kuzimaliza. Ilikuwa mwaka 2006, nami nilikuwa nikiandika vijitabu vya watalii katika ofisi yake ya safari, Kimathi Street, Nairobi. Zamu hii ilikuwa ya Rathcullen, mji wa kale huko Ireland ambao sikuwahi kuuona hata ndotoni. Niliandika kasri, daraja la mawe, kanisa kuukuu. Akasema ni kama orodha ya kwenda sokoni. Akanipa anwani ya Mama Nora, mzaliwa wa huko, mwalimu mstaafu aliyeishi mtaa wa Muthangari, ambaye Daksha hakuwa ameonana naye kwa miaka. Nisipoleta kitu chenye uhai kesho, kazi ataifanya mwingine.

Nilifika getini saa kumi na mbili na nusu jioni, viatu vimejaa matope. Mlinzi, Oloo, aliniambia najisumbua bure. Mama Nora alikuwa amesahau kila kitu. Tangu Krismasi hakuwa ametamka neno.

"Jaribu tu, madam," akasema, akifungua.

Nyumba ilikuwa baridi. Ilinuka moshi... si wa makaa, si wa kuni. Moshi wa udongo unaoungua, ule niliosoma kwamba kwao Ireland huwashwa majumbani.

Mama Nora alikuwa ameketi dirishani, mikono mapajani. Nikajieleza kwamba ni Peres, wa ofisi ya Daksha. Nikajieleza tena, kwa sauti ya mtu anayebishana na ukuta. Nilikuwa nimeshafunga begi niliposikia mnong'ono.

"Nitakupa Rathcullen. Nawe nipe kwenu."

Sikuona ubaya. Akaanza. Alinieleza milango iliyopakwa rangi, kila familia na yake, ili walevi wasiingie nyumba za wenyewe. Mwoka mikate Fintan, aliyewagongea watoto dirisha mikate ikiiva. Mvua inayoingia mjini kwa kuvuka daraja, ukiisikia kabla haijakugusa. Kila alipomaliza jambo alinisubiri. Ndipo nami nikamweleza boma letu Ugenya: ua wa minyaa, mpera karibu na jiko, nyanya Anjelina akimwita fahali wake kwa jina. Yeye akitoa, mimi natoa. Kalamu haikusimama.

Nilipoinuka alinishika kiganja. Mkono wake ulichoma kama wa mtu mwenye homa.

"Asante," akanong'ona. "Nilikuwa sina pa kwenda."

Kesho yake Daksha alisoma akiwa amesimama, akanisifu mbele ya ofisi nzima.

Wiki hiyo mama yangu akapiga simu. Nyanya alikuwa mgonjwa, niende Jumamosi. Nikamuuliza, nyanya yupi? Alidhani natania. Akaanza kunigombeza kwa Kijaluo, na mimi nikasikia sauti tu... kama maji yanayopita ndani ya bomba.

Nikamwambia laini ni mbovu.

Jumamosi, kwenye stendi ya mabasi, karani aliniuliza nashukia wapi. Nikafumba macho ili niione njia ya kwetu. Nikaona daraja la mawe. Mvua ikivuka.

Nyuma yake hakukuwa na kitu.

Nilirudi Muthangari kwa hasira. Oloo alinifungulia akitabasamu. Tangu jioni ile Mama Nora hanyamazi, akasema, na anaongea Kijaluo cha Ugenya kumshinda hata yeye. Alidhani ni mimi niliyemfundisha.

Nilimkuta nje, pekupeku, nyayo zimezama udongoni. Nilimwambia achukue mji wake wote, daraja na mikate, anirudishie kwetu. Nilimshika mabega nikamtikisa. Akanitazama kwa upole na kusema maneno machache.

"Amesema nini?" nikamuuliza Oloo.

Tabasamu lilimpotea usoni. "Anakukaribisha, mgeni. Anauliza umetoka nchi gani."

Mara nne zaidi nilirudi. Mara nne hakunijua. Oktoba akafa, na wateja wetu waliorudi kutoka Rathcullen wakazidi kunipongeza kwamba mji uko vile vile nilivyouandika. Nilitaka kuwapiga.

Krismasi, binamu yangu Zachariah alinipeleka nyumbani akinishika mkono kama kipofu. Nilitazama kila kitu nikingoja kitu kimoja tu kinijie. Hakuna kilichonijia. Bibi kizee aliyekuwa kivulini alinisalimia kwa adabu, kisha akamwambia Zachariah jambo kwa sauti ya chini. Zachariah akaangalia pembeni. Nikambana mpaka akanitafsiria.

"Nyanya anauliza wewe ni nani," akasema. "Anasema Peres wake alikuja tangu Oktoba. Yuko jikoni."

Niligeuka. Mama yangu alikuwa kisimani. Watoto walikuwa uwanjani. Mlango wa jiko ulikuwa umerudishwa.

Ndani, mtu alisogeza kiti.