Dakika Kumi za Anga Tupu

"Hizi saa nyingine mlikuwa wapi?"

Fundi cherehani alilibwaga daftari la kazi la mkewe mezani, juu ya sare za shule alizokuwa akishona. Mkewe, mtaalamu wa nyota, ndiyo kwanza anaingia kutoka mlimani kwenye darubini. Asubuhi ya tano hiyo, macho mekundu.

"Kazini, baba watoto."

"Usinifanye mtoto! Umeandika mwenyewe. Galaksi, dakika kumi. Tupu, dakika kumi. Galaksi. Tupu. Mpaka alfajiri! Hizo tupu ulikuwa unafanya nini na yule mwendesha mitambo?"

Mke alikuwa ameliona begi lake mlangoni, limejazwa nguo zake.

"Dada yako anakusubiri," mume alisema, bila nguvu. Wivu ulikuwa umemnyima usingizi wiki nzima.

Simu ya mume ikalia. Ujumbe wa mwendesha mitambo:

*Shemeji, matusi yako nimeyasoma. Tunakesha watu wanne chumba kimoja, na mkeo anasinzia amesimama. Muulize maana ya tupu.*

Akamgeukia mkewe.

"Haya, tupu ni nini?"

"Galaksi ile tunaipiga picha kwa mwanga wa joto, macho hayauoni. Sasa hewa nayo ina joto, inang'aa kuliko galaksi yenyewe. Kwa hiyo tunasogeza darubini pembeni, pasipo na kitu, tunaipiga picha hewa peke yake, halafu mwanga wake tunauondoa kwenye picha ya galaksi. Ndipo ile mikono ya galaksi iliyojipinda inaonekana."

"Kila dakika kumi?"

"Kila dakika kumi. Isipokuwa juzi, uliponipigia simu kunigombeza. Nikasahau kusogeza. Picha za saa nzima zimeharibika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nakusingizia."

Kweli angesema. Aibu ilimshika, akakosa pa kuweka mikono. Mke akaliinua begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada. Huko nitalala bila kuulizwa."

"Mama watoto, nimekosa. Nimekosa sana."

"Nimechoka, mume wangu. Hata kukukasirikia siwezi."

Mume akalichukua begi mkononi mwake taratibu, akalirudisha chumbani, akatundika nguo moja moja. Aliporudi alimkuta amelala kitini, viatu miguuni. Akamvua. Kisha akalichukua daftari, na chini ya mstari wa mwisho akaandika kwa chaki yake ya kushonea:

*Saa moja asubuhi. Nyumbani.*

Cherehani hakuigusa mpaka mkewe alipoamka.