Mkojo wa Siku Nzima

Kila alfajiri mama alimwamsha Jovelyn kwa kidonge na glasi ya maji. Kidonge kilimezwa tumbo likiwa tupu, kisha akasubiri saa nzima kabla ya kugusa wali na samaki mkavu. Jovelyn alikuwa na ugonjwa wa Wilson, ambao watu wengi wa mji wao mdogo wa Pototan hawajawahi hata kuusikia. Mwili wake ulishindwa kutoa madini ya shaba yanayopatikana kwenye chakula, hivyo yalijikusanya kwenye ini. Dawa iliyavuta, yakatoka kwa mkojo. Maini na chaza, vitamu jinsi vilivyo lakini vyenye shaba nyingi, aliwaachia wenzake.

Dawa alikwishaizoea. Alichochukia ni dumu. Kila alipokaribia kurudi kliniki mjini Iloilo, ilimbidi akusanye humo mkojo wake wote, asubuhi hadi asubuhi ya pili, ukapimwe maabara.

Safari hii Jumapili ya kukusanya iliangukia sikukuu ya kijijini kwa shangazi yake. Mama alilitia dumu ndani ya kikapu, lakini Reymark, binamu yake Jovelyn aliyekuja kumchukua, alikwishaliona.

"We Jovelyn, umetubebea tembo la mnazi?" aliuliza akicheka. "Wajomba watakupenda leo."

Jovelyn aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mama alipoingia ndani, Jovelyn alilitoa dumu, akalificha nyuma ya pipa, akaondoka na kikapu kitupu. Huko alikula, akacheza, akaenda chooni kama watu wengine. Aliporudi jioni, dumu lilikuwa na mkojo kiduchu wa asubuhi. Akafungua bomba akaongeza maji.

"Umekusanya wote?" mama aliuliza.

"Wote, Mama."

Majibu yalipotoka walikwenda kliniki. Dokta Villaruz aliyasoma, akavua miwani.

"Mama Jovelyn, tuambiane ukweli. Mtoto hanywi dawa, sivyo?"

Mama alishtuka. "Anakunywa, Daktari. Namwamsha mwenyewe."

"Anayekunywa dawa hii hutoa shaba nyingi kwenye mkojo. Huyu karibu hana. Kama kweli anakunywa, basi haimtoshi. Itabidi niongeze, na dawa hii ikizidi inaweza kuumiza figo."

"Namwamsha kila siku," mama alirudia. Hata kimbunga kilipoezua paa la jiko, kidonge hakikukosekana. Sasa alikaa pale ameinamisha kichwa kama mwizi, na daktari alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika. Jovelyn alijiona mtu mbaya kuliko wote mle chumbani.

"Ni maji," alisema.

"Maji gani?" daktari aliuliza.

"Kwenye dumu. Niliongeza maji ya bomba. Mkojo mwingine niliuacha chooni kwa shangazi. Reymark alisema nimebeba tembo."

Daktari aliweka kalamu chini, akaficha tabasamu. Mama hakutabasamu.

"Samahani, Mama Jovelyn, nimekushuku bure," alisema daktari. "Dawa ibaki ilivyo. Mtarudia kipimo."

Jumamosi iliyofuata Jovelyn alikusanya upya. Reymark alipopita na kuuliza tena habari za tembo, alimjibu, "Ni mkojo wangu, unakwenda maabara. Ukitaka kuonja, lete kikombe." Reymark akakumbuka kwamba ametumwa dukani.

Majibu ya pili yalikuwa mazuri, na dawa haikuongezwa. Walipotoka kliniki, mama alimgeukia Jovelyn barabarani.

"Mwanangu, ugonjwa wako hauonekani kwa macho," alisema. "Daktari anauona kwa vipimo tu, na vipimo husema kile tulichompelekea. Kukucheka watakucheka, kisha watasahau. Mimi kudhaniwa vibaya ningevumilia pia. Lakini siku ile ilibaki kidogo figo zako ziumizwe kwa sababu ya maji ya bomba."