Maji Yalikuwa Safi Siku Niliyotarajiwa

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Kazi yangu ilikuwa kupima maji taka ya mji wetu hapa Kakamega baada ya kusafishwa, kabla hayajamwagwa kijitoni. Nilichota sampuli, nikapeleka maabara, nikasema kama yanafaa au hayafai.

Mume wangu Wekesa ni fundi wa pampu kwenye mabwawa ya kusafishia maji hayo. Ndiko tulikojuana. Rafiki zetu walitutania kwamba mapenzi yetu yalianzia kwenye uvundo, nasi tukacheka…

Dada yangu mkubwa, Ayuma, aliishi chini ya mabwawa, akilima mboga za sukuma wiki na mrenda kando ya kijito. Siku moja alikuja kwangu na wasiwasi.

"Mdogo wangu, hayo maji yenu siku zingine yanakujanga meusi, na povu juu. Mimi naogopa."

Nilienda kupima. Nikarudia mwezi uliofuata, na mwingine tena. Kila mara maji yalikuwa sawa. Nikamwambia Ayuma atulie, nimeyapima mwenyewe.

Aliniamini. Kwa nini asiniamini, na mimi ni damu yake? Akaacha kupanda kilima kwenda chemchemini, akawa anaosha mboga na vyombo palepale kijitoni.

Mvua zilipoanza alishikwa na homa isiyoisha. Tulimkimbiza hospitali ya misheni kule Mukumu. Daktari akasema ni taifodi, na utumbo ulikuwa umetoboka. Walimpasua, lakini tulikuwa tumechelewa. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa kuniuliza nani ananyunyizia mboga zake maji.

Tulimzika. Wekesa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Nikarudi kazini, maana ningefanya nini? Nilichota sampuli kama kawaida, lakini njiani pikipiki iliteleza kwenye matope na chupa zote zikavunjika. Kesho yake nilirudi kuchota nyingine bila kumwambia mtu.

Nilinusa uvundo kabla sijafika. Maji meusi yalikuwa yakimwagika kwa bomba la pembeni moja kwa moja hadi kijitoni, bila kupita bwawa hata moja. Mlinzi wa lango alinitazama kwa mshangao.

"Madam, mbona leo Wekesa hakutuambia unakuja?"

Nilimbana hadi akanieleza yote. Pampu kubwa ilikuwa imekufa zamani. Siku ambazo mimi nilikuwa naenda, walifunga lile bomba na kuyazuia maji machafu mpaka niondoke. Na nani aliyewapa habari? Mtu niliyemmiminia chai kila asubuhi, nikimwambia ninakoelekea…

Jioni nilimuuliza Wekesa, "Baba Brian, ni kweli?"

Alisukuma kando sahani ya obusuma, ugali wetu. "Mkubwa wangu alisema nikikataa nitafute kazi kwingine. Spea za pampu ziliahidiwa kila wiki. Nilidhani ni jambo la muda tu."

"Na Ayuma?"

Alilia, lakini machozi yake yangenisaidia nini?

Nilipeleka matokeo ya maji yale meusi kwa mkubwa wangu. Aliyasoma polepole. "Sampuli moja mbaya, dhidi ya nzuri zote hizi? Na zote umezipima wewe mwenyewe, mama. Nani atakusikiliza?" Muda si muda nilihamishiwa ofisi ya kusikiliza malalamiko ya mita. Huko ndiko niliko hadi leo. Hata daktari hawezi kuapa ni maji yapi yaliyomuua dada yangu.

Nimehamia Matete kwa mama yangu pamoja na watoto. Maji meusi bado yanateremka. Binti wa Ayuma ndiye anayelima pale sasa. Nilimwambia asiyaguse.

"Sasa tutumie gani, mama mdogo?" aliniuliza. "Chemchemi imekauka."



Wasomaji wenzangu, ikiwa kazi yako ni kupima kitu kwa niaba ya watu, usitangaze siku yako, hata kwa yule mnayelala naye kitanda kimoja. Nawe unayeishi chini ya bomba la mtu, ukiona maji yamebadilika, usikubali kutulizwa na yeyote, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Dada yangu aliyaona yale maji kwa macho yake mwenyewe, kisha akayaacha macho yake akaniamini mimi.