Matofali ya Semeni

Kicheuzi kilimeza basi zima la umeme kwa dakika nne. Taya zake zilivunja, tumbo lake likayeyusha, na upande wa pili vikatoka shaba, kioo na alumini, safi kama vipya. Kilichobaki kilikuwa jivu jeusi la betri, na hilo hakuna aliyejua pa kulipeleka. Kobelo aliiendesha mashine hiyo, pale Morogoro, kwa miaka kumi na tisa.

Kila mwaka Mamlaka ya Mzunguko, iliyosimamia urejelezaji, ilidai taarifa kwa kila kiwanda. Fomu yake ilikuwa na nafasi za vitu vilivyorudi kutumika tu. Ya mabaki haikuwepo. Kiwanda cha jirani kiliandika asilimia tisini na nane, kikapewa bendera ya kijani. Chao kilikuwa na themanini na tisa. Meneja, Bi Ndekirwa, akasema hatakubali kuwa mkia. Jivu likachanganywa na saruji, likafyatuliwa matofali. Geti lenye mizani lilihesabu kila kitu chenye umbo kilichotoka kuwa kimerudi kutumika. Tisini na nane. Kobelo, kama shahidi, akaweka kidole kwenye fomu.

Wafanyakazi waligawiwa matofali bure. Kobelo akamjengea binti yake Semeni vyumba viwili alipoolewa. Wenzake walimtania kwamba anaoza binti na nyumba juu.

Mwaka wa tatu mikono ya Semeni ilianza kutetemeka. Wa nne akasahau jina la mumewe. Daktari alipima vumbi la kuta zake, akamwita Kobelo pembeni. Walimzika mwezi wa tano.

Arobaini ilipopita, Kobelo na mkwewe waliibomoa nyumba ile, wakapakia matofali kwenye lori, wakayamwaga mbele ya ofisi ya meneja.

Bi Ndekirwa alitoka, akaliangalia lile rundo. Kisha akampa pole.

"Nimeyarudisha," Kobelo alisema. "Andika kwamba yameua."

"Niandike wapi, baba? Nionyeshe hiyo nafasi."

Alimgeuzia kioo cha kishikwambi alichoshika, chenye ile fomu. Kobelo akakipitisha kidole juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. Hakuiona.

"Viwanda vyote vinaandika hivi," mama yule alisema. "Nikisema ukweli peke yangu, nitafungiwa mimi. Wao wataendelea."

"Na mimi nilishuhudia," Kobelo alisema. "Mwaka huu kidole changu hamkipati."

"Watamweka mwingine, Baba Semeni."

Alijua ni kweli. Aliinama kwenye lile rundo, akachakura, mpaka akapata tofali lenye msumari ambao Semeni alikuwa akitundikia kanga yake. Mkwewe akamwambia aliache, lina sumu. Hakusikia. Alilikumbatia kifuani, akatembea nalo kuelekea nje.

Alipopita getini mizani ililia, na sauti yake ya upole ikatangaza:

"Kimoja kimerudi kutumika. Ahsante."